Mvivu wa asubuhi, mzima wa jioni

*Baridi yabisi hukakamaza viungo saa ileile ambayo kijiji hupima uchapakazi wa mtu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mgonjwa hubeba mizigo miwili: maumivu, na maneno ya watu. Kwa kawaida hospitali huuliza habari za mzigo mmoja tu.*

Na Mwandishi Wetu

Mara. Saa kumi na mbili asubuhi katika vilima vya Tarime, ukungu bado umelalia migomba na mikahawa, lakini majembe yamekwisha kutoka. Anayechelewa hujulikana. Mlango uliofungwa hadi saa tatu huzungumzwa kisimani.

Nyuma ya mlango mmoja wa namna hiyo yupo mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Yu macho tangu saa kumi alfajiri. Halali wala hainuki. Vifundo vya vidole vimevimba na vimegoma kukunja. Kopo la maji analishika kwa viganja viwili. Kanga anafungwa na binti yake, kisha mama anamwonya binti asimwambie mtu. Jirani akipita uani na kuuliza, "Umeamkaje?", jibu linatoka haraka: "Salama."

Ikifika saa tano, jua likishaupasha ua, vidole vinaanza kulegea. Saa tisa alasiri anaweza kwenda mnadani na kikapu kidogo, akasalimiana na watu, akacheka. Hapo ndipo anapokutana na yule ambaye hakumwona shambani. Hukumu hutolewa papo hapo: kumbe mzima, ni uvivu tu.

Mwanamke huyu anaweza kuitwa Bhoke, Ghati au Robhi. Anaweza kuwa wa Sirari, Nyamwaga, Nata au kandokando ya mji wa Mugumu. Hana jina katika makala haya kwa sababu si mtu mmoja. Ni sura ya ugonjwa wenyewe, uliotiwa ndani ya mazingira ya Mara.

KWA UFUPI

- *Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi na baridi yabisi. Takriban 70 kati ya kila 100 ni wanawake.*
- *Sonona huwapata wagonjwa hawa mara nyingi kuliko watu wengine, na ikiachwa hudhoofisha hata tiba ya viungo.*
- *Tanzania ilikwisha kuthibitisha, kupitia kliniki za VVU, kwamba dawa na mazungumzo vinaweza kutolewa chini ya paa moja.*

Kikulacho ki nguoni mwako

Maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Yapo yale ya uzee, ambapo gegedu la goti au nyonga hulika taratibu baada ya miaka ya kubeba na kulima. Hayo huzidi mtu anapotumia kiungo na hutulia anapopumzika.

Baridi yabisi huenda kinyume. Hapa kinga ya mwili, askari aliyewekwa kumlinda mwenye mwili, hugeuka na kushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako haijapata mfano wa karibu kuliko huu. Utando huvimba, hujaa maji, na usipotulizwa huanza kula gegedu na mfupa. Mara nyingi huanzia kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, na upande wa kulia ukishikwa, wa kushoto nao hushikwa.

Mapumziko hayausaidii, huukakamaza. Ndiyo maana usiku mzima wa kulala huzaa asubuhi ya mateso, na mkakamao unaozidi saa moja baada ya kuamka ni dalili ambayo madaktari huiulizia.

Kwa mfanyakazi wa ofisini jambo hilo ni usumbufu. Kwa mkulima wa Tarime au Serengeti, ambaye kazi ya siku hufanywa kabla jua halijawa kali, ni kunyang'anywa zile saa zinazomfanya aitwe mtu wa maana.

Jina lenye lawama

Hata jina la ugonjwa lina neno la kusema. Baridi tunaijua, yabisi ni kikavu, kigumu. Anayelisikia huelewa kwamba ugonjwa umeletwa na baridi, na kama umeletwa na baridi, basi aliyeugua alizembea. Alifua mtoni alfajiri. Alitembea peku. Alikataa maji ya moto alipojifungua.

Sayansi haiitii baridi hatiani. Hali ya hewa huweza kuongeza maumivu kwa baadhi ya watu, lakini haiwashi ugonjwa. Chanzo ni mchanganyiko wa urithi na mambo mengine, uvutaji wa sigara ukiwa mmojawapo.

Wazee, hata hivyo, waliona kitu. Wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wakati wa ujauzito, kisha ugonjwa hulipuka miezi michache baada ya kujifungua. Bibi aliyesema "umeshikwa baada ya uzazi" aliona sawasawa. Kosa ni kuibebesha ndoo ya maji baridi, na mzazi mwenyewe, lawama isiyo yao.

Pale lawama ya baridi isipotosha, ipo nyingine: mguu uliovimba bila jeraha husemwa umekanyaga kitu kilichotegwa. Mgonjwa huanza kuhesabu maadui. Anamtazama mke mwenza, anamtazama wifi. Maumivu yaliyokuwa ya vidole yanakuwa ya ukoo mzima.

> Ugonjwa unaoonekana asubuhi tu, nyuma ya mlango, hauna shahidi. Mgonjwa hulazimika kujitetea kama mshitakiwa.

Uvimbe unaopanda kichwani

Je, huzuni ya mgonjwa wa viungo ni matokeo ya maneno ya watu peke yake? La. Sehemu yake hutoka ndani ya mwili.

Kinga iliyochachamaa humwaga kwenye damu kemikali zinazoitwa sitokini, zikiwamo TNF na interlukini-6. Ndizo hizohizo zinazomfanya mtu mwenye homa kukosa hamu ya kula, kujitenga na kutaka kulala. Mwenye malaria huwa hivyo kwa siku chache. Mwenye baridi yabisi anaweza kuwa hivyo kwa miaka. Uchovu wake si wa kazi, na usingizi hauuondoi.

Mwaka 2011 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walipiga picha za ubongo za wagonjwa waliopewa dawa ya kuzuia TNF. Ndani ya saa 24 sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zilikuwa zimetulia, kabla uvimbe wa viungo haujapungua. Kiungo na kichwa vina njia kati yao, na njia hiyo hupitika pande zote mbili.

Asiyelala huumia zaidi kesho yake. Aliyekata tamaa hajinyooshi, haendi kliniki, husahau dawa. Viungo hukaza zaidi, naye hukata tamaa zaidi. Hofu nayo ina kazi yake: anayeamini kila maumivu ni dalili ya kulemaa hukwepa kutumia mkono, na mkono usiotumika hudhoofu kweli.

Mwaka 2013 watafiti wa King's College London walikusanya tafiti 72 zilizohusisha wagonjwa zaidi ya 13,000. Walipotumia dodoso la maswali tisa linalopima sonona, ambalo lina toleo la Kiswahili, karibu 39 kati ya kila 100 walionesha dalili. Walipohesabu waliohojiwa kwa kina kitaalamu, karibu 17 kati ya 100 walikuwa na sonona kamili.

Hapa nyumbani, watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Glasgow waliingia Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakitafuta si idadi ya wenye maumivu ya viungo pekee, bali pia namna maumivu hayo yanavyogusa kipato na maisha ya kaya. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba baridi yabisi ni adimu vijijini Afrika. Ugonjwa usiotafutwa huwa adimu siku zote.

Nchi ya wasiolia

Mara ina somo lake kuhusu maumivu, na hufundishwa mapema. Kijana wa Kikurya anayetahiriwa husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Akilia, aibu humfuata yeye na nyumba yao. Sheria ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa wasichana kuwa kosa la jinai, ila lile funzo lililoambatana nao, kwamba mwanamke imara hanung'uniki, halifutwi na sheria.

Ujasiri huo una faida yake kwa maumivu yenye mwisho. Kidonda cha jando hupona, na aliyevumilia hushangiliwa. Baridi yabisi haina siku ya kushangiliwa. Anayeivumilia kimya mwaka wa kwanza na wa pili huvumilia pia mifupa inayolika, kwa kuwa sehemu kubwa ya uharibifu huanza katika kipindi hichohicho, na ndicho kipindi ambacho dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu huumbuliwa na vidole vyake, vikianza kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho.

Wanaume nao wamo, ingawa ni wachache. Mwanamume asiyeweza kushika panga, kufunga ng'ombe au kuchimba katika machimbo madogo ya Nyamongo hana neno la kueleza hali yake. Akienda kilabuni hupata kiti na glasi, na glasi haimuulizi chochote. Lakini pombe na methotreksati, dawa kuu ya ugonjwa huu, hukutana vibaya kwenye ini.

Thamani ya mikono

Ili kuelewa kinachopotea, tazama mila ya nyumba ntobhu. Mwanamke wa Kikurya aliyekosa mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe na "kumuoa" mwanamke kijana, apate wajukuu wa kulirithi boma na mtu wa kumsaidia uzeeni. Zipo hoja nyingi juu ya mila hiyo, hasa kuhusu uhuru wa yule kijana. Kwa hapa itoshe kuona inachokiri waziwazi: boma la Mara husimama juu ya mikono ya wanawake.

Mikono hiyo ikishikwa na ugonjwa, mwanamke hapotezi kazi tu, hupoteza cheo. Hawezi kusonga ugali wa muhogo na ulezi ukaiva sawasawa. Hawezi kupepeta. Katika jamii ambamo ndoa ya wake wengi ni jambo la kawaida, anajua suluhisho ambalo wengine watalipendekeza kabla hajamaliza kunywa vidonge vya kwanza.

Kisha daktari anamwambia jambo jingine: anapotumia methotreksati asishike mimba, kwa kuwa dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Ni maelekezo sahihi. Kwa mke wa miaka 28 aliyetolewa mahari ya ng'ombe, ni maelekezo yanayotikisa ndoa. Akiambiwa katika dakika mbili, bila mume kuwepo, bila kuelezwa kwamba mimba inaweza kupangwa kwa kubadili dawa mapema chini ya uangalizi, atachagua mwenyewe. Mara nyingine atachagua kuacha dawa, na hatamwambia mtu.

> Dawa iliyoandikwa bila kumuuliza mgonjwa anaishi na nani huweza kuishia chini ya godoro.

Njia ndefu ya kupata jina

Kabla ya dawa hiyo kuandikwa, safari huwa imekwisha kuwa ndefu. Pembezoni mwa Hifadhi ya Serengeti, ambako watu, ng'ombe na wanyamapori hukaribiana, ipo brusela, homa inayoletwa na mifugo na maziwa mabichi, nayo pia huumiza viungo. Mgonjwa hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha brusela. Kila dozi isiyomsaidia humwongezea shaka: labda kweli nimetegwa.

Wapo wanaopata nafuu ya ghafla dukani. Prednisoloni hutuliza uvimbe kwa kasi, na kwa dozi ndogo chini ya daktari ina nafasi yake katika tiba. Ikinunuliwa kiholela na kumezwa kwa miezi, huvimbisha uso, hupandisha sukari, huchakaza mifupa na kuvuruga hisia: leo furaha isiyo na sababu, kesho kiza. Akiikatisha ghafla, mwili huanguka.

Wanaopata rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, wanakutana na saa ileile mbaya. Basi huondoka alfajiri. Anayetoka Tarime huvuka Mto Mara pale Kirumi, akapita Bunda na Magu. Anayetoka Mugumu hushuka kupitia Nata. Atahitaji msindikizaji, nauli mbili, na pa kulala. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliokuwa na mchango wa Sh30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, uliishia katika huduma za ngazi ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeahidi kuziba pengo kama hilo, na wagonjwa wa kudumu ndio watakaoipima.

"Punguza mawazo"

Hapa hoja hugawanyika. Upande mmoja unasema: tuanze na lililo dhahiri. Zahanati ina mhudumu mmoja na foleni ndefu. Dawa za viungo zenyewe hazipatikani kirahisi, madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno nchini, na maneno hayapunguzi uvimbe. Tupeni dawa; moyo utafuata.

Hoja hiyo ina uzito. Ni kweli kwamba uvimbe ukidhibitiwa, watu wengi huchangamka. Na ipo hatari ya kweli katika kuzungumzia moyo mapema: mgonjwa ambaye kwa miaka ameitwa mvivu akisikia "sonona" huweza kuelewa kwamba sasa anaitwa mwongo kwa lugha ya kitabibu.

Upande wa pili unajibu kwamba moyo haufuati siku zote. Wenye sonona huacha dawa upesi, na hata wanaozitumia hupata nafuu pungufu. Dawa ya gharama ikitupwa, hasara ni ya mgonjwa na ya serikali pia. Kwa hiyo kuuliza habari za moyo ni kulinda dawa.

Mahali pande hizi mbili zinapokosea pamoja ni katika maneno mawili yanayosikika katika vyumba vingi vya daktari nchini: punguza mawazo. Mgonjwa hutikisa kichwa na kutoka. Apunguze vipi, shamba likiwa halijalimwa? Ni sawa na kumwambia mwenye homa apunguze joto.

Benchi chini ya mti

Zipo njia zisizohitaji jengo jipya. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani kusikiliza watu na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Mswahili yeyote atalipokea kama la kwao. Katika utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016, miezi sita baadaye karibu 14 kati ya 100 ya walioketi benchini walibaki na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida, walibaki nusu.

Kwa wagonjwa wa viungo hasa, utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022 ulijaribu kutumia simu. Wagonjwa zaidi ya 300 waligawanywa. Baadhi wakapigiwa simu na wahudumu wa kliniki kwa miezi kadhaa, wakafundishwa kubadili mazoea ya fikra au kufanya mazoezi waliyopangiwa. Mwaka ulipopita, uchovu wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao. Simu ndogo ipo hata Nyamwaga.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Tangu dawa za kufubaza VVU zianze kutolewa bure mwaka 2004, Tanzania imejenga kliniki ambamo mgonjwa hukutana na mshauri, si mgawa dawa pekee. Washauri rika, wenyewe wakiishi na virusi, humfuata aliyekosa miadi. Miaka ya 1980 nchi hii ilikwisha kujaribu, Morogoro na Kilimanjaro, kuingiza huduma za afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya. Ujuzi upo. Haujaelekezwa kwa mwenye vidole vilivyovimba.

Hata ritongo, baraza ambalo Wakurya huketi kuamua mambo yao mazito, lina nafasi. Mzee akisimama hapo na kusema kwamba kuna ugonjwa unaomfunga mtu asubuhi na kumwachia jioni, neno "mvivu" litapungua nguvu kwa kiasi ambacho hakuna kidonge kinachoweza.

Miadi ya saa saba

Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni ndogo zaidi, na haina bajeti. Vituo vyetu vya afya huhudumia kwa foleni: anayewahi ndiye anayeonwa. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, namba ya foleni hugawiwa saa ambayo vidole vyake haviwezi kuishika. Mpangieni saa saba mchana. Yule mama wa Tarime atafika akiwa amejifunga kanga mwenyewe.

Hatua ya pili ni swali ambalo tayari tunalo. Kila asubuhi Mara nzima huulizana umeamkaje, na kila asubuhi hujibiwa salama, hata pasipo salama. Katika chumba cha daktari swali hilohilo ni kipimo: uliamka saa ngapi, vidole vilikunja saa ngapi, ulilala au ulikesha, ulipokesha uliwaza nini?

Muuguzi aulize, "Umeamkaje, mama?" Atajibiwa salama. Asiandike bado. Anyamaze kidogo, kisha aulize tena.